Meno ya Mzee Si Pambo

KATIKA nchi yetu yako maradhi yanayoheshimiwa na yako maradhi yanayochekwa. Mwenye homa hupewa pole, aliyevunjika mguu hubebwa, mwenye shinikizo la damu huulizwa hali yake kila asubuhi. Lakini kibogoyo huchekwa. Watoto humtungia utani, wakubwa humwiga anavyotafuna, na yeye mwenyewe, kwa kuwa hana la kufanya, hucheka pamoja nao huku ameziba kinywa kwa kiganja.

Leo tunataka kusema neno juu ya kicheko hicho, na juu ya fikra iliyojificha nyuma yake: kwamba meno ni pambo, kwamba kuyapoteza ni sehemu ya uzee kama mvi, na kwamba kumrudishia mtu meno yake ni anasa ya wenye nazo. Fikra hiyo si sahihi. Tena si fikra ya watu wasiosoma peke yao. Imekaa hata katika vichwa vya sisi tunaopewa dhamana ya kuamua fedha za umma ziende wapi. Mwandishi wa safu hii anakiri kwamba ilikaa katika kichwa chake kwa miaka mingi, na kwamba mtu mmoja aliyestahili heshima yake aliumia kwa ajili hiyo.

Mtu huyo ni mwalimu wetu wa chuoni, hapahapa Tanga. Kila alasiri, baada ya kutoka shule ya Serikali, tulikaa mkekani uani kwake tukidurusu. Hakuwa mkali wa bakora; alikuwa mkali wa herufi. Alituamuru tumtazame kinywani. Ncha ya ulimi, alisema, na iguse ukingo wa meno ya juu ya mbele, kisha toa pumzi: hiyo ndiyo the. Kwa njia hiyohiyo hutoka dhali. Ama fe, hiyo meno ya juu hukaa juu ya mdomo wa chini kwa ndani. Aliyekosea alirudia hata jua likazama, kwa maana katika kisomo herufi ikibadilika maana hubadilika, na mwalimu aliyefundisha makosa hubeba makosa ya wanafunzi wake. Sisi watu wa pwani sauti hizo tumeziingiza hadi katika lugha ya Taifa: twasema thamani, dhamana, dhuluma na fedha. Mwenye meno huzitamka bila kufikiri. Asiye na meno ndiye ajuaye zinatoka wapi.

Meno ya mzee huyu yalianza kumtoka alipopita miaka hamsini. Moja baada ya jingine yaliuma, akaenda hospitali, yakang'olewa. Hapana aliyemwambia kwamba jino lililotoboka laweza kuzibwa likadumu, wala kwamba fizi zinazotoka damu zina tiba. Alipofika miaka sabini kinywa kilikuwa kitupu. Siku moja, akimsomesha mtoto wa jirani, alimsikia akitamka sawabu badala ya thawabu. Akamsahihisha. Mtoto akarudia vilevile, kwa utiifu kamili, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyosikia. Mzee akanyamaza kitambo, akamwambia mtoto aende nyumbani. Jioni ile akaukunja mkeka, na kwa miaka miwili chuo kile hakikusomeshwa mtu.

Baadaye wanawe walichanga, wakamsafirisha hadi Dar es Salaam si mara moja wala mara mbili: safari ya kupimwa, ya kujaribishwa, ya kukabidhiwa na ya kurekebishwa. Akarudi na meno ya bandia juu na chini. Mkeka ukatandikwa tena, na the ikarudi mahali pake. Lakini nenda kwake leo saa ya chakula. Utayakuta meno ya chini ndani ya bakuli la maji, naye anakunywa uji. Yale ya juu yamemkaa vizuri; ya chini huruka kila ulimi unapojinyanyua, husugua fizi hata zikachubuka, na punje moja ya karanga ikipita chini yake huwa kama msumari. Arusini hula wali na mchuzi, nyama akamsogezea aliye pembeni yake. Ana meno ya kusomeshea. Hana meno ya kutafunia.

Sasa na tuseme kosa letu. Miaka kadhaa kabla ya mzee kuukunja mkeka wake, mimi nilikuwa mjumbe wa kamati moja iliyopitia maombi ya fedha za maendeleo. Tuliletewa ombi la kuandaa chumba cha fundi wa meno ya bandia, pamoja na vifaa vyake, na kumsomesha fundi mmoja. Nilisimama nikasema kwamba wananchi hawajaomba meno, wameomba barabara. Wenzangu walicheka, ombi likaanguka. Fedha zile hazikujenga barabara. Zilijenga uzio na lango. Laiti chumba kile kingekuwapo, mzee angepata meno ya kawaida kwa nauli ya daladala, na miaka ile miwili ya ukimya isingekuwapo. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliwaandikia wanachama wa TANU kijitabu alichokiita Tujisahihishe. Jina lile pekee latosha kuwa agizo, na makala haya ni jaribio la kulitii.

Mfupa hauna subira

Yatupasa kwanza tufahamu kwa nini meno ya chini humtesa mzee ilhali ya juu humstahi. Jino si kigingi kilichochomekwa tu katika taya. Mzizi wake hupokea uzito wa kila tonge na kuupeleka katika mfupa, na mfupa, kama msuli, huishi kwa kazi. Jino likitoka, mfupa uliolishika hukosa kazi na huanza kuyeyuka. Huyeyuka haraka zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha polepole maisha yote. Na taya la chini hupoteza zaidi ya lile la juu. Ndiyo sababu uso wa kibogoyo hujikunja, kidevu kikaikaribia pua. Watu husema amezeeka. Kwa hakika ni taya lake lililoliwa.

Meno ya bandia ya juu hukaa juu ya kaakaa pana, yakashikwa kwa unyevu na kwa hewa kama kikombe kilichogandamana na kisahani. Ya chini hayana kaakaa. Hukaa juu ya ukingo mwembamba ambao kila mwaka huzidi kuwa mwembamba, katikati yake pana ulimi usiotulia, pembeni pana misuli ya mashavu. Fundi awe hodari namna gani, hawezi kujenga nyumba imara juu ya ukuta unaobomoka. Basi tunapomlaumu mzee kwamba amenunuliwa meno na hataki kuyavaa, tunamlaumu kwa kosa la mfupa.

Wala tusidhani hili ni jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022 juu ya afya ya kinywa, lilikadiria kwamba maradhi ya kinywa yanawagusa karibu watu bilioni 3.5, na kwamba robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha kati. Kwa walio na umri wa miaka 60 na zaidi, lilikadiria kuwa watu 23 katika kila 100 duniani hawana hata jino moja. Ni nani basi atakayesema kuwa haya ni mambo ya urembo?

Wanyonge walivyotoa, wakubwa walivyovaa

Historia ya meno ya bandia ni historia ya nani ana haki ya kutafuna. Katika karne ya 18, meno ya bandia ya matajiri wa Ulaya na Marekani yalichongwa kwa pembe za ndovu na meno ya kiboko, na mara nyingi yakatiwa meno ya kweli ya binadamu. George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, aliteseka na meno maisha yake yote, na alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu. Katika vitabu vya hesabu vya shamba lake la Mount Vernon, mwaka 1784, yameandikwa malipo kwa watumwa kwa ajili ya meno tisa, kwa hesabu ya daktari wa meno aliyekuwa akimtibu. Haikuandikwa kama meno yale yaliingia kinywani mwa bwana. Imeandikwa tu kwamba yalitoka vinywani mwa watumwa. Na baada ya vita vya Waterloo, mwaka 1815, meno ya askari waliokufa yalikusanywa na kuuzwa ili wakubwa wapate cha kutafunia.

Katikati ya karne ya 19 ulikuja mpira uliogandishwa kwa moto na kiberiti, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuota meno ya bandia. Lakini kampuni iliyomiliki haki ya ufundi huo nchini Marekani iliwatoza madaktari ada na kuwafikisha mahakamani waliokataa kulipa. Ugomvi ukafika mahali ambapo mwaka 1879, mjini San Francisco, daktari mmoja wa meno alimpiga risasi na kumwua mweka hazina wa kampuni hiyo. Miaka michache baadaye haki ile ilikwisha muda wake, mpira ukawa mali ya kila fundi. Tunaikumbusha habari hii kwa sababu moja: katika kila zama ufundi wa kurudisha meno umeanza kama mali ya wachache, na kila mara palihitajika uamuzi ili ushuke chini kwa wengi. Haukushuka wenyewe kama mvua.

Skrubu iliyokataa kutoka

Katika zama zetu ufundi huo ni wa vipandikizi. Mwaka 1952 mtaalamu wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura. Alitumia kifaa kidogo cha madini ya titani. Uchunguzi ulipokwisha alitaka kukitoa kifaa chake akitumie tena, kikakataa kutoka. Mfupa ulikuwa umekikumbatia, ukaota hadi kugusana nacho pasipo kitu katikati. Mwingine angekasirika kwa kupoteza kifaa cha bei. Yeye aliuliza: kama mfupa unaipenda titani kiasi hiki, je, haiwezi kuwa mzizi wa jino?

Mwaka 1965, mjini Göteborg, alimwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vinne katika taya la chini. Wenzake wengi walimdhihaki, na ilimchukua hadi mwaka 1982, katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Toronto, ndipo madaktari wa Marekani na Kanada walipomkubali. Ama mgonjwa yule, yeye alivitumia vipandikizi vyake zaidi ya miaka arobaini, akafariki mwaka 2006 vikiwa bado kinywani.

Kipandikizi chenyewe ni skrubu yenye urefu wa kama sentimita moja na unene wa kama milimita nne. Titani iliyomo haifiki gramu moja. Huwekwa kwa sindano ya ganzi, bila kumlaza mtu usingizi, kisha mfupa hupewa muda wa kukishika, kwa kawaida miezi mitatu hivi katika taya la chini. Mwenye uwezo mkubwa huweka vinne au sita na kufungiwa juu yake safu nzima isiyotoka. Hiyo ni njia nzuri, lakini si hiyo tunayoipigania hapa.

Tunayoipigania ni njia ya vipandikizi viwili tu. Viwili, mbele ya taya la chini, kila kimoja mahali palipokuwa chonge. Hapo mfupa huwa mgumu na hubaki hata kwa mzee, na mshipa mkubwa wa hisia hauko karibu. Juu ya kila kipandikizi hufungwa kichwa kidogo, na chini ya meno ya bandia huwekwa kikombe chake, vikashikana kama vifungo vya kubonyeza vya shati. Mara nyingi hata meno mapya hayahitajiki: yaleyale ambayo mzee anayo hutobolewa kwa ndani yakatiwa vikombe. Usiku huyavua akayasafisha, asubuhi huyabonyeza yakakaa. Hayaruki tena. Anatafuna, na mfupa unaozunguka vipandikizi, kwa kuwa umepata kazi, huacha kuyeyuka kwa kasi ile.

Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipima ushahidi wote uliokuwapo wakatoa kauli: kwa mtu asiye na jino hata moja katika taya la chini, meno ya bandia yanayoshikwa na vipandikizi viwili ndiyo yafaayo kuwa chaguo la kwanza. Walisema chaguo la kwanza, wala hawakulitaja kuwa la matajiri. Na vipandikizi vya sehemu hiyo ya taya hudumu: zaidi ya tisini katika kila mia huwa bado vinafanya kazi baada ya miaka kumi.

Hoja za wanaopinga

Tunajua tutakayoambiwa. Ya kwanza, kwamba nchi ina malaria, ina akina mama wanaohitaji kujifungua salama, ina watoto wa kuchanjwa; je, huu ni wakati wa kuzungumzia skrubu za titani? Hoja hii ni nzito na hatuipuuzi. Hatusemi hata senti moja iondolewe katika dawa ya mtoto ikawekwa katika kinywa cha mzee. Lakini tunauliza: fedha zilizojenga uzio wetu zilitoka katika dawa ya mtoto? Aghalabu hoja ya malaria huletwa ili kuyanyima meno, kisha fedha hupelekwa pengine kusikokuwa na malaria wala meno. Fauka ya hayo, mzee asiyetafuna huacha kwanza nyama, kisha matunda na mboga, akabaki na uji na chai ya sukari. Mwili hudhoofu, na kama ana kisukari, chakula hicho humzidishia. Asiyeweza kula vizuri hujitenga na sinia, aliyejitenga na sinia hujitenga na watu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye meno hamjui kibogoyo.

Ya pili ni gharama. Ni kweli, leo vipandikizi ni ghali, na familia ya mstaafu wa mashamba ya mkonge haiwezi kuvigusa. Lakini gharama si umbile. Hutokana na mpango. Titani yenyewe si kitu, ila utaalamu, vifaa na usafirishaji. Thailand ilianza mwaka 2005 mradi wa Wizara ya Afya wa kuwapatia wazee maskini meno ya bandia ya kawaida. Baadaye ilipoonekana kwamba ya chini hayawakai wengi wao, ikaongeza vipandikizi viwili, vilivyotengenezwa na wataalamu wake humohumo nchini. Hawakungoja wawe matajiri kwanza. Walianza na meno ya kawaida, wakapanda ngazi.

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini na wazee wenyewe. Mwalimu wangu nilipomweleza habari hii aliniuliza kama si kubadili alichokiumba Mwenyezi Mungu, kutia chuma katika mfupa. Nilimkumbusha kisa alichonisomesha mwenyewe, cha sahaba Arfaja aliyekatwa pua vitani. Alivaa pua ya fedha, ikamletea harufu, na Mtume akamwamuru avae ya dhahabu. Juu ya kisa hicho wanavyuoni wakajenga ruhusa ya kufunga meno yaliyolegea kwa dhahabu. Kurejesha kilichopotea si kubadili umbile. Mzee alitabasamu, akasema nilikuwa nasikiliza kumbe. Ama umri, huo peke yake si kizuizi. Mfupa wa mtu wa miaka themanini hushika kipandikizi kama wa kijana, mradi afya yake iruhusu.

Tahadhari

Hatutaki kumdanganya mtu. Kipandikizi si hirizi. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mvutaji sigara sugu, na anayetumia baadhi ya dawa za mifupa au aliyepigwa mionzi ya saratani katika taya, hawa wako hatarini zaidi, na daktari anaweza kuwakatalia kwa haki. Kipandikizi hakitoboki kama jino, lakini fizi inayokizunguka huugua ikiachwa na uchafu, na mfupa ukaliwa hadi kikalegea. Mwenye kuwekewa ana wajibu wa kusafisha kila siku na kurudi kukaguliwa. Vile vikombe vya ndani navyo huchakaa, hubadilishwa. Kwa hiyo ni ovyo kumpandikiza mtu katika mji wa mbali kisha kumrudisha mahali ambapo hapana wa kumtazama. Na yeyote anayeahidi kukutia vipandikizi, muulize kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Cha rahisi huja kuwa ghali, na taya ni moja.

Ngazi ya hatua nne

Basi lipi lifanyike? Sisi tunapendekeza ngazi ya hatua nne, na tunasisitiza kwamba hapana ruhusa ya kuruka hatua.

Hatua ya kwanza ni kinga. Wazee wetu walisugua meno kwa mti wa mswaki karne nyingi kabla ya kuja kwa dawa ya tyubu, na jina la mti ndilo tuliloliita hata brashi ya dukani. Mtoto afundishwe kusafisha meno mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye madini ya floridi, na soda na peremende zisiwe chakula chake cha mapumziko.

Hatua ya pili ni kuziba badala ya kung'oa. Katika vituo vyetu vingi tiba ya jino hadi leo ni koleo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ni kama ilitungwa na daktari wa meno. Nchi hii imekuwa ikiwasomesha madaktari wa meno kwa kiwango cha shahada pale Muhimbili tangu mwaka 1979. Wasipewe koleo peke yake, wapewe na vifaa vya kuziba.

Hatua ya tatu ni chumba cha fundi wa meno ya bandia katika kila hospitali ya mkoa, na baadaye ya wilaya. Hiki ndicho chumba nilichokinyima kura. Si jambo kubwa: fundi mmoja aliyesoma, meza yake, na vifaa vyake visivyokwisha kila robo mwaka. Kwa wazee wengi meno ya juu ya kawaida yanatosha kuwarudishia herufi na tabasamu.

Hatua ya nne ni vipandikizi viwili vya taya la chini, kwa yule aliyevaa meno ya kawaida yakamshinda. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tunapopanga na kupitia upya mafao ya bima hiyo, mzee asiye na jino asiwekwe katika fungu moja na anayetaka meno meupe ya kupigia picha. Huyu anataka pambo, yule anataka chakula. Kanuni na iwe wazi: umri, kukosa meno yote ya chini, na ushahidi kwamba meno ya kawaida hayakumkaa. Idadi yao itahesabika, na kila mkoa utaweza kupanga wangapi kwa mwaka, ukaanza hata na kumi.

Watu hawa ni nani? Ni waliokata mkonge hadi vidole vikakakamaa, waliovuta nyavu Pangani, waliochuma machungwa Muheza, waliotufundisha kuandika na kusoma. Nguvu zao zimo katika kila tunachokiita maendeleo. Hawakuja kuomba meno katika kamati yetu, na mimi nikadhani kutokuomba ni kutohitaji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ombi la chumba cha fundi, kwa habari tulizonazo, linaandaliwa upya. Safari hii likisomwa, mjumbe atakayetaka kucheka na apite kwanza kwa mwalimu wangu saa ya chakula cha mchana, atazame lile bakuli la maji. Kisha aende akapige kura yake. Mimi yangu naitangaza hapa, mbele ya wasomaji, ili nisiweze kuibadili.